Zamu ya Mbithi

Naomba radhi mapema, kabla sijaharibu. Hadithi ya kutisha inamtaka msimulizi mwenye sauti nzito na macho ya kuzama, na mimi nilipewa mashavu ya mandazi na sauti ya kuuzia nyanya. Nikifika mahali pa kuogofya, mdomo wangu hukimbilia mzaha kama mtu anayekimbilia kivuli. Kwa hiyo nikiharakisha pale nilipopaswa kutulia, au nikitania pale nilipopaswa kunyamaza, nisameheni, mwendelee tu. Mambo yenyewe yalimpata jirani yangu Kisilu, hapa hapa Machakos, ukuta wa bafu lake ukitazamana na wa jikoni kwangu. Kinachochekesha humu ndani sikukiweka mimi.

Kisilu ana duka la miwani mjini. Ni mtu wa hamsini na ushei, mzee wa kanisa, mke wake alishatangulia mbele za haki, na ana haya kupita kiasi. Mtu akimkanyaga kwenye foleni ya benki, yeye ndiye anayesema pole. Akikaribishwa chakula ugenini hukataa kwa adabu, kisha hulala na njaa.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda kwao Masii, ambako mabati ya nyumba ya zamani ya mama yake yalikuwa yakibadilishwa. Mafundi walimtolea sanduku lake la bati la shule, jina lake bado limeandikwa juu kwa rangi nyeupe. Alilibeba hadi dukani, akalifungua juu ya kaunta katikati ya fremu za miwani. Ndani mlikuwa na soksi moja, kamusi iliyoliwa na mchwa, na jarida.

Kisilu akacheka peke yake. Jarida lilikuwa la Uingereza, la miaka ya themanini, lililoachwa shuleni na mwalimu wa kujitolea wa hisabati aliyerudi kwao na malaria. Jaladani joka la kijani lilikuwa limeketi juu ya rundo la dhahabu, na mbele yake walisimama mbilikimo mwenye shoka na msichana ambaye vita vilimkuta kabla hajamaliza kuvaa. Ndani kulikuwa na matangazo ya visanamu vya askari vya chuma visivyozidi kidole gumba, vya kuagizwa kwa posta. Kulikuwa na barua za wasomaji, kurasa mbili nzima, wakigombana kama mchawi anaruhusiwa kuvaa nguo za chuma. Watu wazima, wenye anwani.

Abdilatif, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa amekuja kuchukua miwani yake mipya. Aliivaa, akainama juu ya jarida.

"Kisilu, hii miwani umeiharibu. Naona mjusi ako na mabawa."

"Miwani iko sawa. Hilo ni joka."

"La huku?"

"La Uingereza."

"Ndio maana limenona." Akageuza ukurasa kwa ncha ya kidole. "Na nyinyi mlikuwa mnafanya nini na hiki kitabu?"

"Tulikuwa tunacheza."

"Mpira wake uko wapi?"

Kisilu akamweleza kwamba mchezo wenyewe hauna mpira wala ubao. Mmoja anashika jarida na kuwa msimulizi. Mwingine anakuwa shujaa. Msimulizi anasema, umefika kwenye njia panda chini ya ngome. Shujaa anasema, nageuka kushoto. Msimulizi anamwambia kushoto kuna nini, na dadu inaamua kama atapona.

Abdilatif akafikiri. "Kwa hiyo mmoja anadanganya, mwingine anakubali."

"Kama hivyo."

"Hiyo hata sisi tunacheza. Tunaiita soko la mbuzi."

Akaondoka na miwani yake. Kisilu akaendelea kufunua, akitabasamu, akikumbuka harufu ya mafuta ya taa na kelele za bweni, mpaka akafika katikati. Hapo palikuwa na ramani. Njia za chini ya ardhi, vyumba vyenye nambari. Na ndani ya chumba cha mwisho palikuwa na kijimtu cha penseli, kimechorwa kwa mkono wa mwanafunzi. Shingoni kilikuwa na mduara.

Kisilu akaacha kutabasamu. Alikuwa amesahau kwamba kile kijimtu kilipewa jina.

Ilikuwa hivi. Walikuwa kidato cha pili. Mwenzake Nzioka alikuwa msimulizi, yeye shujaa. Jarida lilisema: mpe shujaa wako jina. Majina liliyoyapendekeza yalikuwa ya kutamkwa na mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Likizo iliyotangulia, familia yao ilikuwa imemzika Mbithi, kaka yake Kisilu, kijana aliyefukiwa na kisima alichokuwa akichimba kule Mwala. Kisilu akasema shujaa wake ataitwa Mbithi.

Sasa, kwetu Ukambani jina la marehemu halibandikwi kama stempu. Mtoto akipewa jina la mtu, anakuwa yule mtu. Mama anaweza kumwita mwanawe anayenyonya "baba," na hakuna atakayemshangaa. Na zamani, mtoto akishapewa jina, baba yake alimvisha mkufu wa chuma shingoni, kuonyesha kwamba ametoka mikononi mwa mizimu na sasa ni mtu kamili. Nzioka alipenda mambo yakamilike. Akasema shujaa bila mkufu ni mzimu tu. Wakamchorea mkufu. Wakampulizia uji wa shule, kama wazee wanavyobariki kwa pombe. Walikuwa wanacheka.

Siku ya mwisho ya mchezo, Mbithi aliingia katika chumba cha mwisho na mlango ukajifunga nyuma yake. Taa yake ikazimika. Nzioka akasoma kwamba aliye ndani akitaka kutoka abishe mara tatu, na aliye nje ndiye wa kumfungulia. Kisilu akabisha juu ya meza. Ngo, ngo, ngo. Kabla Nzioka hajajibu, kengele ya chakula ililia. Wanafunzi wakakataa maharagwe yenye wadudu, vioo vya bwalo vikavunjwa, na shule ikafungwa jioni hiyo hiyo. Walipoitwa tena, walimu walikuwa wakisaka ibada ya shetani katika kila sanduku. Kisilu akalificha jarida kwao Masii, chini ya soksi. Hakulifungua tena.

Akakaa kwenye kaunta akikitazama kile kijimtu. Kaka yake alikufa gizani, chini ya ardhi. Yeye, kwa mapenzi, akampa jina upya, akampeleka chini ya ardhi, akamfungia gizani. Kisha akaenda zake kugomea maharagwe.

Na nyumbani kwake, wiki chache tu zilizopita, jina la Mbithi lilikuwa limepewa mtoto.

Mtoto huyo ni mjukuu wake. Levi, mwanawe Kisilu, anafanya kazi kiwandani Mavoko na hurudi mwisho wa wiki. Mkewe, Kalondu, anaishi na watoto kwa Kisilu. Mvulana wa kwanza alichukua jina la Kisilu mwenyewe, wa pili jina la baba yake Kalondu, na huyu wa tatu ndipo marehemu akafikiwa. Mama yake Kisilu, Nzilani, ambaye nyumba nzima inamwita Susu, yaani bibi, ndiye aliyemshika na kulitamka jina, machozi yakimtoka, maana Mbithi alikuwa kifungua mimba wake.

Mtoto alianza kulia kabla Susu hajamrudisha kwa mama yake. Na hakuacha. Wale wakubwa wawili walipelekwa Matuu kwa wazazi wa Kalondu ili wapate usingizi. Hospitali walimpima, hawakuona kitu. Mtoto alikuwa akikonda hadi ngozi ya mapaja ikawa inaning'inia kama nguo ya kuazima.

Jumamosi ile Kisilu alirudi nyumbani mapema, jarida likiwa ndani ya begi. Alimkuta Kalondu sebuleni, mtoto ametulia kifuani. Milango yote ilikuwa wazi, hata wa stoo.

"Amenyamaza," Kisilu akanong'ona.

"Usifunge mlango, Baba."

Hakuufunga yeye, upepo ndio ulioufunga. Ukajibamiza nyuma yake, na mtoto akapiga ukelele uliomfanya Kisilu ashike begi kwa mikono miwili. Mtoto alilia, akajinyoosha, akarusha ngumi yake ndogo kwenye ubao wa kiti. Ngo. Ngo. Ngo. Akanyamaza ghafla, macho kwenye mlango, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Kisha akaanza tena.

"Ameanza kufanya hivyo lini?"

"Tangu apewe jina," Kalondu akasema. "Mlango ukifungwa tu. Ukifunguliwa ananyamaza kidogo. Halafu anaangalia huo mlango mpaka mimi naogopa kugeuka."

Kisilu akaketi, begi mapajani. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alifungua kinywa. Akaona, kama yuko kanisani, wazee wenzake wakiambiwa kwamba mjukuu wa Kisilu anateseka kwa sababu Kisilu alicheza na jarida la majoka. Akamwona mama yake akijua mahali mwanawe alipowekwa miaka yote hii. Akafunga kinywa. Akaomba chai.

Alisema atazungumza kesho. Kesho ikaja na wageni. Wiki ikaisha, nyingine ikafuata, na kadiri alivyokawia ndivyo ilivyokuwa aibu zaidi kwamba alikuwa amekawia. Wakati huo Susu alikuwa ameanza kutafuta sababu yake mwenyewe, na aliipata upande wa Kalondu.

"Mtoto akililia jina lingine, anabadilishiwa," Susu akasema mezani siku moja, akitafuna taratibu. "Nimeona wengi. Lakini huyu halii kwa kutaka jina. Ni jina ndilo linamkataa yeye. Jina linajua damu yake."

Kalondu akaweka kijiko chini. "Susu, unasema nini?"

"Nasema Matuu maembe ni mengi. Na wanaume wa kuyabeba ni wengi pia."

"Nimezaa watatu katika hii nyumba. Wawili hukuwauliza habari ya maembe."

"Wawili walinyamaza."

Kisilu alikuwa hapo. Aliomba apewe chumvi.

Mwishowe Susu akaita kikao cha ukoo Jumapili, Kalondu arudishwe kwao na mtoto wake. Levi akapigiwa simu. Alisema ndiyo, Susu, sawa, Susu, na akakata kabla mkewe hajapewa simu azungumze. Na muuguzi wa kliniki alikuwa amesema wazi kwamba mtoto akiendelea hivi wiki nyingine, hana mahali pa kupunguzia uzito.

Jumamosi kabla ya kikao, mchana, jua likichoma mabati, Susu alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Kalondu alikuwa chumbani mwake anapakia nguo. Mtoto alikuwa analia ule mlio mwembamba wa kitu kinachokwisha. Kisilu alisimama kwenye ujia na jarida mkononi, mbele ya mlango wa chumba.

Mbele, si ndani. Kikamba kina neno, nthoni. Ndilo neno la haya, na ndilo neno la heshima kati ya wakwe. Baba mkwe hakanyagi chumba anacholala mke wa mwanawe. Nyumba ikiungua atasimama nje na kumwita. Kisilu, katika miaka yote ya ndoa ya Levi, hakuwahi kujua rangi ya pazia la chumba hicho.

"Kalondu," akasema. "Nina neno."

"Sema, Baba." Sauti ilikuwa kavu. Zipu ya begi ikapita.

Akamweleza akiwa hapo hapo, mlango ukiwa wazi kiasi cha kiganja. Akaeleza jarida, jina, mkufu, uji. Akaeleza kubisha mara tatu. Alipomaliza, hata mtoto alikuwa amenyamaza.

"Baba," Kalondu akasema polepole. "Susu ananiita malaya mwezi mzima, na wewe ulikuwa na hii kitu kwa begi?"

"Niliona haya."

"Ya nani?"

Kisilu akalikunja jarida, akalikunjua.

"Lete nisome."

"Nitasoma mimi," Kisilu akasema. "Kwa mchezo, msimulizi anakaa nje. Wewe kaa ndani umsemee mtoto. Mlango ufungwe."

Akafunua ramani. Na hapo, ndugu zangu, mwuza miwani wa mji mzima akagundua kwamba miwani yake ya kusomea ilikuwa dukani. Maandishi makubwa aliyaona. Chini yake palikuwa na mstari mdogo mdogo, kama sisimizi kwenye foleni. Angeweza kumpa Kalondu ausome. Lakini alikuwa ameshajiaibisha vya kutosha kwa mchana mmoja, na akaona haya kusema kwamba haoni. Akafikiri: mstari mmoja, utakuwa na nini.

Mlango ukafungwa.

Mtoto akapiga ukelele. Kisilu akashika dadu ya ludo ya wajukuu wake. Akasubiri.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Nani anabisha?" akasema. Sauti yake ilitoka ya kitoto.

"Mbithi," Kalondu akajibu kutoka ndani.

"Anataka nini?"

"Anataka kutoka."

Akatupa dadu sakafuni. Ikazunguka, ikatulia. Sita.

"Nafungua," Kisilu akasema. Hakugusa kitasa. Katika mchezo unasema tu.

Mtoto akanyamaza.

Hakupunguza sauti kidogo kidogo. Sauti ilikatika. Kisilu akasikia mabati yakilia kwa joto, jogoo wa jirani, redio mbali. Kisha akasikia harufu. Udongo uliolowa, udongo wa chini sana, ule unaotoka kisimani siku maji yanapopatikana.

"Baba." Kalondu alinong'ona. "Si ulisema huingii."

"Sijaingia."

Kisilu akaegemeza sikio kwenye ubao wa mlango.

"Kalondu?"

"Nani ameketi kitandani?"

Kisilu akashika kitasa. Kilikuwa baridi. Kilikuwa na mchanga.

"Amenipa mgongo," Kalondu akanong'ona. "Nguo zake zimelowa. Baba, anamtazama mtoto."

Ilikuwa ni kugeuza mkono tu. Mkono haukugeuka. Niliposikia sehemu hii nilidhani ni woga, na woga ulikuwapo, anakubali. Lakini anasema kilichomshika ni kitu kidogo kuliko woga. Aliliona akilini pazia ambalo hajawahi kuliona. Aliona kitanda cha mwanawe. Aliwaza, nitaingiaje.

"Baba. Anamshika."

Akabisha hodi.

Ndiyo. Mtu yuko ndani na mjukuu wake, na Kisilu akabisha hodi, mara tatu, kwa adabu. Na sauti ikamjibu. Sauti ya kijana. Nzito, kama inayopita katikati ya mchanga. Aliijua. Ilikuwa imemwita kwenda kuchota maji utoto wake wote.

"Zamu yangu," ikasema.

Springi za kitanda zikainuka. Kitu kikapita karibu na mlango, upande wa ndani, na ubao ukavimba kidogo, ukarudi. Kisha hakuna.

Kalondu mwenyewe ndiye aliyefungua. Alikuwa na mtoto begani. Mtoto amelala, mdomo wazi, shavu limelegea. Kalondu hakumtazama baba mkwe wake usoni.

"Amelala," akasema. "Usipige kelele."

Nyuma yake, kwenye shuka, palikuwa na bonde la mtu aliyekaa, na mchanga mwekundu uliolowa. Akageuka, akaupangusa kwa kiganja, kama makombo.

Kikao cha Jumapili kikageuka karamu. Mtoto alinyonya, akalala, akanyonya tena. Milango ilifungwa na kufunguliwa, wala hakushtuka. Susu, ambaye hajawahi kuomba radhi tangu mkoloni aondoke, alimkatia Kalondu kipande cha nyama kikubwa kuliko chake mwenyewe na kusema tu, "Kula, mwiitu," yaani binti. Levi alimbeba mwanawe akazunguka naye uani. Nilikuwapo. Nilichekesha watu.

Mtoto hakulia siku hiyo. Hakulia hata siku moja baada ya hapo, hata kwenye sindano ya chanjo. Anatazama tu. Na shingoni ana alama nyembamba ya kuzunguka. Muuguzi alisema ni mikunjo ya mafuta, mtoto amenona.

Jumatatu Kisilu alikwenda dukani na jarida, akavaa miwani, akasoma ule mstari mdogo. Uliandikwa hivi: chumba hiki hakikai kitupu. Mmoja akitoka, aliye karibu naye huingia.

Akatazama ramani. Kile kijimtu hakikuwapo. Hakikufutwa, karatasi ilikuwa laini, haina alama ya kifutio. Mahali pake palikuwa na kingine, kidogo, kama punje ya mchele. Kimelala chali. Hakina mkufu.

Alikaa nacho asubuhi nzima. Abdilatif alipopita kumsalimia, akampa lile jarida bila maelezo.

"Unaona nini hapo?"

Abdilatif akakunja uso, akalisogeza kwenye mwanga. Safari hii hakutania. "Naona mtoto," akasema. "Nani amemwacha hapa peke yake?"

Kisilu alimwambia Kalondu, safari hii bila kungoja. Alisimama kwenye ujia akamwonyesha karatasi kupitia mlango. Alimwambia wanaweza kucheza tena. Kalondu hakuitazama karatasi. Alikuwa anamnyonyesha, na mtoto alikuwa amegeuza macho kumtazama Kisilu, bila kupepesa, kama mtu mzima anayesikiliza mazungumzo ya bei.

"Huyu ananyonya," Kalondu akasema. "Huyu analala. Huyu ndiye amenirudisha kwa nyumba yangu."

"Kalondu, yule wako..."

"Huyu ni wangu, Baba." Akamvuta mtoto kifuani. "Na huu mlango, usibishe tena."

Akaufunga.

Jarida liko dukani, kwenye droo ya chini, pamoja na vitambaa vya kupangusia vioo. Mchana, wateja wakipungua, Kisilu husikia kitu huko chini. Mara tatu. Ni kidogo sana, kama ukucha wa mtoto kwenye ubao. Kisha kimya cha kungoja.

Hawezi kumfungulia peke yake. Mchezo unataka watu wawili; shujaa peke yake hafungui mlango. Lazima awepo msimulizi wa upande wa nje, wa kuuliza nani anabisha. Nzioka alikufa zamani. Kalondu hataki. Kwa hiyo Kisilu alikuja kwangu na jarida chini ya kwapa, akalilaza juu ya meza yangu na kuniomba nishike upande wa pili. Alisema yeye ndiye atakayekaa karibu. Yeye ndiye atakayeingia mahali pa mtoto. Ameshajiandaa, hata duka ameshaandika litakuwa la nani. Mimi niulize tu, nitupe dadu, niseme nafungua. Alinitazama kama mtu anayemwona daktari akitoka mlangoni. Alisema, wewe kusimulia ndiyo kazi yako.

Nikausoma ule mstari mdogo mara nyingi. Hausemi 'karibu' ni hatua ngapi.

Nikamwambia Jumamosi hiyo niko na harusi ya kusherehesha. Jumamosi iliyofuata nikamwambia niko na nyingine. Sasa hata haulizi. Tukikutana ukutani ananisalimia na kuinamisha kichwa, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Kisilu aliona haya, akanyamaza, na mtoto akaingia gizani. Mimi haya sina. Nilimwacha huko huko anabisha, nikakaa chini nikatunga hadithi.